Mwenye Betri ya Moyo Asiachwe Mlangoni pa Hospitali

Nchi yetu sasa imefika mahali ambapo mwananchi wa Usagara, wa Pangani au wa Wete aweza kupelekwa Dar es Salaam hali moyo wake unapiga mara 30 tu kwa dakika, akawekewa kifaa kidogo chini ya ngozi ya kifua, na baada ya siku chache akarejea kwao akitembea kwa miguu yake. Kifaa hicho ndicho watu wamezoea kukiita betri ya moyo. Jambo hili si dogo, na yatupasa tulipe heshima yake kabla hatujasema lililotuleta leo.

Kwa miaka mingi mgonjwa wa moyo aliyehitaji upasuaji alitegemea kupelekwa nje ya nchi, hasa India, kwa gharama ya fedha za kigeni. Waliobahatika walikwenda, wasiobahatika walibaki vitandani kwao wakisubiri amri ya Mungu. Mwaka 2008 upasuaji mkubwa wa moyo ulianza kufanywa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, na mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, hapo hapo Muhimbili. Tangu hapo kazi ya kuweka betri za moyo imekuwa ikifanywa na madaktari na wauguzi wetu wenyewe, katika ardhi yetu wenyewe, na mgonjwa akielezwa maradhi yake kwa Kiswahili.

Hayo ni mafanikio. Lakini tunapenda kuwauliza wananchi na watumishi wa Serikali swali moja: mgonjwa huyu akishapewa ruhusa ya kutoka wodini, yu mikononi mwa nani? Daktari bingwa amemaliza zamu yake. Basi la kuja Tanga linamngoja, safari ya kilomita 350 hivi. Kama ni mtu wa kisiwani, bado ana bahari ya kuvuka. Huko aendako hakuna aliyewahi kuiona betri hiyo. Jirani zake wanamtazama kifua kwa hofu, na mganga wa zahanati yake huenda hana hata karatasi moja inayoeleza alichofanyiwa. Maoni yetu ni kwamba hapo ndipo tiba inapoweza kuharibika, na hapo ndipo panapotaka kuangaliwa.

KAZI YA KIFAA

Yafaa kwanza jambo lenyewe lieleweke. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Mapigo hayo huanzia katika sehemu ndogo iliyo kwenye chumba cha juu cha kulia cha moyo, ambayo hutoa umeme hafifu. Umeme huo hupita katika njia yake hadi vyumba vya chini, navyo hujikaza na kusukuma damu mwilini. Kwa uzee, kwa maradhi ya mishipa ya moyo, au kwa sababu nyinginezo, chanzo hicho huweza kuchoka au njia hiyo kukatika. Hapo mapigo hupungua, mtu huishiwa nguvu, huona kizunguzungu, na pengine huanguka ghafula na kuzirai. Si ajabu mgonjwa wa namna hiyo akahesabiwa kuwa ana kifafa, au akaambiwa amepandwa na mashetani, akazungushwa miezi na miaka kabla ya mtu yeyote kumshika mkono na kuhesabu mapigo yake.

Betri ya moyo huchukua kazi ya chanzo hicho kilichochoka. Ni kisanduku cha madini chenye uzito wa gramu chache tu, ambacho hufichwa chini ya ngozi karibu na mtulinga, aghalabu upande wa kushoto. Kutoka humo waya mmoja au zaidi hupitishwa ndani ya mshipa mkubwa wa damu hadi moyoni. Kifaa husikiliza mapigo. Yakitosha hukaa kimya, yakipungua hutoa umeme wake. Kazi ya kukiweka huchukua yapata saa moja au zaidi kidogo, na mara nyingi mgonjwa huwa macho, amechomwa sindano ya ganzi tu. Kifua hakipasuliwi, na moyo wenyewe haufunguliwi.

Historia ya kifaa hiki ina fundisho kubwa kwa hoja yetu. Mtu wa kwanza duniani kuwekewa mwilini alikuwa Arne Larsson wa Sweden, aliyefanyiwa kazi hiyo mjini Stockholm tarehe 8 Oktoba 1958, akiwa na umri wa miaka 43. Daktari aliyempasua aliitwa Åke Senning, na mhandisi aliyekitengeneza kifaa ni Rune Elmqvist. Kifaa hicho cha kwanza kilifanya kazi kwa saa chache tu kikazimika, ikabidi awekewe cha pili. Hata hivyo Larsson aliishi hadi mwaka 2001, akafariki akiwa na umri wa miaka 86 kwa maradhi mengine. Daktari wake na mhandisi wake walimtangulia kufa. Katika miaka hiyo 43 alibadilishiwa vifaa zaidi ya 20.

Wasomaji wetu watafakari hesabu hiyo. Kilichompa Larsson uzee ni kule kuitwa tena na tena, kupimwa, kubadilishiwa, na kuwa na mahali panapomjua kila alipohitaji. Lau wangalimwacha mlangoni mwaka 1958, historia isingalikuwa na la kusimulia.

SIKU ZA WODINI

Mgonjwa aliyewekewa betri kwa kawaida hulala hospitali usiku mmoja au siku chache. Katika muda huo hupigwa picha ya eksirei kuona kama waya zimekaa mahali pake na kama pafu halikujeruhiwa. Hupimwa umeme wa moyo, na kifaa chenyewe husomwa kwa mashine maalumu inayowekwa juu ya kifua, bila kumchoma wala kumpasua tena. Kidonda hutazamwa. Yote yakiwa sawa, hupewa ruhusa.

Lakini siku hiyo ya ruhusa mgonjwa huwa na furaha na uchovu, na jamaa zake huwa na haraka ya kuwahi basi. Maneno kumi ya muuguzi huingia sikio hili na kutokea lile. Kwa hiyo tunashauri kila aliyekwenda kumchukua ndugu yake asitoke wodini kabla ya kupata mambo manne: kadi ya betri, ambayo huandikwa jina la kampuni, aina ya kifaa na tarehe kilipowekwa, barua ya daktari, tarehe ya kurudi, na namba ya simu ya kuuliza. Mgonjwa aitembeze kadi hiyo kama mtu anavyotembea na kitambulisho chake. Siku akizirai njiani, kadi itamsemea.

MKONO NA KAZI ZETU

Waya zilizomo moyoni huhitaji wiki kadhaa kujishika. Kwa sababu hiyo mgonjwa huagizwa kwamba kwa muda wa wiki nne hadi sita asiinue kiwiko cha mkono wa upande wa betri kupita bega, wala asibebe mzigo mzito kwa mkono huo. Agizo hili ni jepesi kwa karani wa ofisini. Kwa watu wa pwani yetu ni zito mno, na si haki kulitamka bila kulifikiria.

Mkwezi hapandi mnazi bila kuinua mikono. Mvuvi hawezi kutweka tanga wala kuvuta nyavu kwa mkono mmoja. Mkata mkonge, hamali wa bandarini na mpiga kasia wote hula kwa bega. Mama wa nyumbani naye asisahauliwe: kuvuta ndoo kisimani, kutwanga kinuni, kukuna nazi, kufua na kuanika nguo kambani ni kazi za mkono ulioinuliwa. Mtu wa namna hiyo akirudi kwake na kuambiwa apumzike wiki sita, swali lake la kwanza ni watoto watakula nini. Asipopata jibu ataipanda minazi yake katika wiki ya pili, na waya ikichomoka mahali pake atarudishwa Dar es Salaam kupasuliwa upya.

Tunawaomba basi waajiri, wakiwamo wenye mashamba ya mkonge na vyombo vya uvuvi, wampe mtu huyo kazi nyepesi katika wiki hizo. Tunawaomba wenyeviti wa mitaa na vijiji wamhesabu miongoni mwa wanaostahili kushikwa mkono. Na ndani ya nyumba, wanaume wasione haya kuchota maji iwapo mgonjwa ni mama. Ujamaa tuliofundishwa ulianzia katika jamaa, na hapa ndipo mahali pake.

Hata hivyo mgonjwa asiufunge mkono wake kama aliyevunjika. Bega lisilotikiswa kabisa hukauka na kuuma. Autumie mkono kwa mambo madogo, kama kula, kuvaa na kunawa, na baada ya wiki hizo daktari akiridhika, aweza kurudia sehemu kubwa ya maisha yake ya kawaida, pamoja na maisha ya ndoa.

KIDONDA NA IBADA

Kidonda chapaswa kukaa kikavu kwa muda wa wiki moja hivi, au kama daktari atakavyoagiza. Wengi wetu hutawadha mara tano kwa siku, na watu wa visiwani hujiuliza mara moja juu ya kuoga. Dini yetu haikumwacha mgonjwa bila njia. Yapo masharti yanayojulikana ya kupangusa juu ya bandeji, na ipo tayamamu. Masheikh wetu wanayajua haya, nao wayaeleze waziwazi ili pasiwe na mtu anayelowesha kidonda chake kwa kudhani anatimiza ibada, wala anayeacha sala kwa kudhani hana njia. Kuhusu saumu, betri yenyewe haimzuii mtu kufunga. Lakini wengi wa wagonjwa hawa wana dawa za kumeza na maradhi mengine pamoja, basi wamuulize daktari kabla ya Ramadhani kuingia.

Kuna dalili ambazo hazitaki kungojewa. Kidonda kikivimba, kikiwa chekundu, kikitoa maji au usaha, au kikifunguka, homa ikipanda, mkono ukifura, kizunguzungu na kuzirai vikirudi, pumzi ikiwa fupi, au kwikwi na misuli ya kifua ikichezacheza bila kukoma: mgonjwa afike hospitali siku hiyo hiyo. Asipakwe dawa ya majani juu ya kidonda, asikandwe, wala asiruhusu mtu kukibonyezabonyeza kisanduku kwa udadisi. Maambukizo yakiingia penye betri, aghalabu mtambo wote pamoja na waya zake hubidi kutolewa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

UMEME, SUMAKU NA UVUMI

Mitaani pamejaa maneno juu ya betri hizi. Wengine husema mwenye nayo asiguse redio, asikae penye feni, asipande gari. Si kweli. Vyombo vya kawaida vya nyumbani vikiwa vizima havimdhuru. Simu ya mkononi aweza kuitumia, ila asiiweke katika mfuko wa shati juu ya betri. Aiweke mbali kwa sentimita 15 hivi, na aisikilize kwa sikio la upande wa pili. Penye milango ya ukaguzi, bandarini au uwanja wa ndege, aoneshe kadi yake, apite bila kusimamasimama, na askari asimshikilizie kifaa cha mkononi juu ya kifua.

Vitu vya kuchukuliwa hadhari ni sumaku kubwa, kazi ya kuchomelea vyuma, na kuinamia injini inayounguruma. Fundi wa kuchomelea asirudi kazini bila kumuuliza daktari wake. Eksirei na kipimo cha mawimbi ya sauti havina ubaya. Mashine ya MRI hutumia sumaku yenye nguvu sana, na si kila betri inaweza kuivumilia. Kadi huonesha aina ya kifaa ili wataalamu waamue. Kadhalika daktari wa upasuaji na hata wa meno aelezwe mapema.

Uvumi mwingine husema kwamba mwenye betri hafi vizuri, kwamba moyo wake utaendelea kupiga hali roho imekwisha toka. Hilo nalo si kweli. Umeme wa betri hauwezi kuutikisa moyo uliokufa. Maiti huzikwa kama kawaida, na hakuna haja ya kuitoa. Kwa ndugu zetu Wahindu wanaochoma maiti, hapo betri lazima itolewe kwanza, kwa kuwa huweza kulipuka katika moto. Wafiwa wawaarifu watu wa hospitali.

WAJIBU WA SERIKALI NA WA KILA MMOJA

Sasa tuje kwenye lile ambalo watumishi wa Serikali hawana budi kulisikia. Betri ya moyo hupimwa mara ya kwanza baada ya wiki kadhaa, kisha kila baada ya miezi sita au mwaka. Hudumu kati ya miaka 5 na 15, kutegemea aina yake na kazi inayofanya, halafu kisanduku hubadilishwa. Kwa hiyo anayewekewa akiwa na miaka 60 huenda akahitaji kingine akiwa na 70. Hili ni deni ambalo nchi hujitwika siku ile ya kwanza, na lazima lipangiwe bajeti.

La kwanza, kila anayeruhusiwa apewe maelezo yaliyoandikwa kwa Kiswahili safi, kwa herufi zinazosomeka, na nakala ipelekwe katika hospitali ya rufaa ya mkoa wake na kwenye zahanati ya karibu naye. Mtu wa Usagara akisumbuliwa na kidonda aweza kutazamwa Bombo, ambako majengo ya tangu enzi za Wajerumani bado yanatazama bahari, bila kupanda basi la Dar es Salaam. Kutazama kidonda na kuhesabu mapigo hakuhitaji bingwa. Kunahitaji muuguzi aliyeelekezwa, na barua iliyofika.

La pili, uwepo daftari la wenye betri katika kila mkoa. Kuisoma betri kunataka mashine yake, na kila kampuni ina ya kwake. Hatusemi kila hospitali inunue zote. Lakini tayari Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ina utaratibu wa kuwatuma wataalamu wake mikoani, ule unaoitwa tiba mkoba. Daftari likiwapo, wataalamu hao watajua kabla ya safari ni mashine zipi wazibebe, na wagonjwa wataitwa siku moja kwa pamoja.

La tatu ni gharama. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na Zanzibar imeanzisha Mfuko wake wa Huduma za Afya. Tunashauri wanaopanga vitita vya mafao wakumbuke kwamba kulipia siku ya upasuaji pekee hakutoshi. Kipimo cha kila mwaka na betri ya pili navyo vimo katika tiba hiyo hiyo.

La nne lawahusu ndugu zetu wa visiwani. Afya si miongoni mwa mambo ya Muungano. Ipo wizara ya Bara, na ipo ya Zanzibar. Mtu wa Pemba akiwekewa betri Dar es Salaam, karatasi zake hubidi zivuke kutoka wizara moja hadi nyingine ndipo zifike Hospitali ya Abdulla Mzee pale Mkoani, au Mnazi Mmoja ya Unguja. Bahari ya Tanga na Pemba imekuwa njia ya jamaa moja tangu kale. Watu huoana, huuziana, huzikana. Haifai basi barua ya mgonjwa ishindwe kuvuka mahali ambapo karafuu na samaki huvuka. Wakuu wa pande zote mbili wakae, waandike utaratibu mmoja wa kupokezana wagonjwa hawa, na mtumishi wa kisiwani ajue ampigie nani simu.

Wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, wananchi walikusanyika penye redio vijijini, wakafundishwa kujikinga na malaria, kichocho na kuhara, kisha wakatoka na majembe kuchimba vyoo. Elimu ile haikungoja kila mtu awe daktari. Maradhi ya leo yamebadilika. Shinikizo la damu na maradhi ya moyo yanaingia nyumba ambazo zamani ziliogopa homa peke yake. Lakini njia ya kuyakabili ni ile ile: maneno yanayoeleweka, na watu wanaotazamana.

Tunamalizia kwa kuwakumbusha viongozi wa mitaa na mashehia. Ulizeni katika maeneo yenu ni nani mwenye betri ya moyo. Mwulizeni kadi yake iko wapi, na tarehe yake ya kupimwa ni lini. Kama imepita, mtafutieni nauli, kabla betri haijamalizika hali hakuna aliyejua.